Sindano Mbili za Kulegeza Njia

Kwetu ni Dodoma, ambako mto ni mchanga mtupu kwa miezi minane ya mwaka. Nilipopata barua ya kupangiwa kazi Wilaya ya Nyasa nilikuwa sijawahi kuona ziwa, na siku ya kwanza kuteremka na gari kutoka Mbinga, milima ilipofunguka na maji yakatokea chini kule, nilidhani ni anga. Abiria mwenzangu, mama wa makamo aliyekuwa na gunia la maharage miguuni, ndiye aliyeniambia kuwa lile ni ziwa, na kwamba ng'ambo ile ni Malawi.

Kituo cha afya nilichopangiwa kilikuwa upande wa Ngumbo, hatua chache kutoka ufukweni. Wakunga tulikuwa wawili kwenye karatasi. Mwenzangu alikuwa mgonjwa muda mwingi, kwa hiyo leba ilikuwa yangu. Vitanda viwili vya kujifungulia, meza ya vifaa, mizani ya watoto, na dirisha lililotazama mahali wanawake wanapoanika usipa, dagaa wa ziwa hili. Chumba cha upasuaji hatukuwa nacho. Mama akihitaji kupasuliwa, tulipiga simu kuomba gari la wagonjwa, nalo lilikuja kama halikuwa safarini kwingine na kama mito ilikuwa haijajaa.

Nilikaa miaka mitatu bila jambo kubwa la kusimulia. Watoto walizaliwa, nikawapima, nikawaandika. Kisha akaja tabibu mpya.

Alikuwa mtu wa Kagera, mdogo kwangu kwa miaka kama mitano, mwenye kusoma sana na kuongea taratibu. Alitokea hospitali binafsi mjini, na katika mizigo yake alikuja na katoni ya dawa aliyogawiwa alipoaga. Ndani yake kulikuwa na drotaverini, vichupa vidogo vya kioo cheusi vyenye maji ya rangi ya njano. Mimi nilikuwa naijua hayosini, ambayo hata sisi wa huku hutufikia mara kwa mara. Zote mbili kazi yake inafanana. Mama anaweza kukaa kwenye uchungu mzuri, wenye nguvu, lakini shingo ya kizazi ikakaza na njia isifunguke. Ukimchoma sindano ya kulegeza, wakati mwingine shingo inalainika na saa zinapungua. Haiongezi uchungu. Haimsukumi mtoto. Inalegeza tu, basi.

Tabibu alisema kwao walikuwa wameiacha hayosini, kwamba drotaverini ni bora zaidi. Nikamwambia mimi hayosini haijaniangusha. Akacheka, akasema basi tupime. Akanunua daftari la kurasa mia, akachora mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto hayosini, kulia drotaverini, kwa zamu. Tungeandika mama alifika njia ikiwa sentimita ngapi, tulimchoma saa ngapi, alijifungua saa ngapi, na lililompata kati ya hapo.

Hatukumwomba mtu yeyote ruhusa. Hatukuwaambia wale wanawake kuwa wanalinganishwa. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu wengi waliniuliza habari za gari na za mto, lakini hili hakuniuliza mtu.

Kazi ile ilinipa raha, nikiri. Miaka mitatu nilikuwa nafanya kwa mazoea, sasa nikaanza kutazama. Niliona kuwa aliyechomwa hayosini mdomo hukauka. Mke wa mvuvi mmoja alimaliza jagi zima la maji akiwa bado hajafika sentimita nane, na moyo wake ulikwenda mbio hadi akaniuliza kama anakufa. Waliochomwa drotaverini walilalamika kichwa, wengine walitapika, lakini kati ya uchungu mmoja na mwingine walipumzika vizuri zaidi, walisinzia kabisa. Mchana, akina mama wakishapelekwa wodini, mimi na tabibu tulikaa kwenye benchi nje ya leba tukibishana kama mashabiki wa timu mbili. Yeye aliniambia upande wake unaongoza. Mimi nilimwambia yule mama wa watoto sita aliyejifungua kwa dakika arobaini angejifungua hivyohivyo hata angechomwa maji matupu.

Nilisema kwa mzaha, na ndilo lilikuwa neno la maana kuliko yote tuliyosema pale. Daftari letu halikuwa na upande wa wasiochomwa kitu. Hatukujua wangapi wangefunguka wenyewe. Tulijua tu kwamba tunachoma, na kwamba baadaye mtoto anazaliwa, na tulijizoesha kuamini kuwa cha pili kinatokana na cha kwanza.

Yule binti alikuja mwezi wa tatu, mvua zikiwa nyingi. Nasema binti, alikuwa na miaka ishirini, mimba ya kwanza. Kwao ni Ukata, juu milimani, kwenye kahawa, na alikuwa ameolewa huku ziwani na mvuvi. Kliniki alihudhuria zote. Mrefu wa kutosha, damu nzuri, mguu haujavimba. Alikuwa mwenye haya, anacheka akiwa ameshika kanga mdomoni, na kila alipokuja alinisalimia shikamoo mara mbili, mara anapoingia na mara anapotoka. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha shuleni. Mume wake alikuwa kambi ya uvuvi upande wa Chiwanda, kwa hiyo aliyemleta alikuwa mama mkwe, Mnyasa wa palepale ufukweni.

Walifika saa mbili asubuhi. Njia ilikuwa sentimita nne, uchungu mzuri, mapigo ya mtoto mazuri. Nikaanza kujaza patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu ambayo kila mkunga anaijua. Ina mstari wa tahadhari uliopigwa kupanda. Mama anayeendelea vizuri anakaa kushoto kwa mstari. Akivuka kwenda kulia, maana yake njia haifunguki inavyotakiwa, na kwa kituo kisicho na upasuaji kama chetu hakuna mjadala: unaita gari. Nilifundishwa hivyo chuoni, na mimi mwenyewe nimewafundisha wanafunzi waliokuja kwa mazoezi.

Saa sita mchana nilimpima tena. Sentimita tano. Alama yangu ikaangukia kulia kwa mstari, mbali.

Nilimwita tabibu. Akapima na yeye, akakubali ni tano. Akasema shingo imekaza, imekuwa nene, huyu ni wa kuchomwa. Ilikuwa zamu ya hayosini. Nilisema labda tuite gari kwanza. Akaniuliza mara ngapi tumeita gari likakuta mama ameshajifungua na dereva akatusema. Ni kweli yalitokea, mara mbili. Akasema, "Tumpe saa mbili. Isipofunguka, tunaita."

Nikavunja kichupa, nikachoma. Mkono ulikuwa wangu.

Hapo uchungu ulikuwa umekaza, na Kiswahili kikamtoka. Alianza kusema Kimatengo. Alikuwa anarudia maneno yaleyale, si kwa kelele, kama mtu anayemweleza mtoto jambo. Mimi Kimatengo sikijui. Nilimwuliza mama mkwe anasema nini, akasema hawa wa milimani wakizidiwa wanamwita mama yao. Nikaridhika na jibu hilo. Nilimpa maji, kwa sababu mdomo ulikuwa umemkauka, nikaandika kwenye daftari: kinywa kikavu.

Saa saba na nusu mapigo ya mtoto yalikuwa yamepanda. Niliyahesabu, nikarudia kuhesabu. Nilimwambia tabibu. Akasema hayosini inaweza kufanya hivyo, inaharakisha moyo wa mama na wakati mwingine wa mtoto pia. Hilo nalo ni kweli, limo vitabuni, na tulikuwa tumeshaliona kwa wengine. Nikaandika kwenye daftari: mapigo juu, dawa.

Neno hilo dawa, baada ya mkato. Nimeliwaza kuliko neno lolote nililowahi kuandika maishani. Mtoto alikuwa ananiambia amechoka, nami nikaandika kuwa ni dawa.

Saa nane njia ilikuwa sentimita sita. Sentimita moja kwa saa mbili. Mtu mwenye akili timamu angeona kuwa hakuna kilichobadilika. Sisi tuliona imesogea. Tabibu akasema pengine huyu ni wa upande wa kulia, hayosini haimfai, tumjaribu drotaverini. Sikumbishia. Na kusema kweli, sehemu fulani ndani yangu ilitaka kujua. Mama mmoja, dawa zote mbili: hatukuwa tumewahi kupata hilo.

Baada ya sindano ya pili alilegea. Kati ya uchungu alisinzia, mkono ukining'inia nje ya kitanda, na mama mkwe akanishukuru, akasema sasa mwanangu anapumzika. Mimi pia nilifurahi. Nilisimama dirishani nikatazama mvua inavyowakimbiza wanawake kwenye vichanja vya usipa, nikawaza kuwa saa kumi tutakuwa na mtoto.

Kabla ya saa kumi aliingia mhudumu wetu wa usafi, mama mtu mzima kutoka Mbinga, aje apige deki. Alisimama mlangoni na ndoo yake. Binti aliamka kwa uchungu na kusema yale maneno yake. Mhudumu akaweka ndoo chini, akaenda akamshika mkono, wakaongea kidogo kwa Kimatengo. Kisha akanigeukia.

"Nesi, huyu tumbo halimsumbui. Anasema kiuno, nyuma, kwenye mfupa. Anasema kuna kitu kigumu kinamgonga pale."

Nilimwuliza ameanza kusema hivyo lini. Akamwuliza.

"Toka asubuhi."

Kwa mkunga maneno hayo yana maana moja. Mtoto amelala vibaya, kisogo chake kiko nyuma, kinakandamiza uti wa mgongo wa mama, na kichwa kinashuka kwa sehemu pana isiyopita. Shingo ya kizazi haikuwa na kosa. Haikuwa imekaza kwa ukaidi. Haikuwa na kichwa kilichokaa sawa cha kuifungua. Ungeweza kumchoma vichupa vyote vya katoni ile.

Nikavaa glovu, nikapima bila haraka, kama nilivyopaswa kupima saa sita. Sentimita saba, ukingo wa shingo umevimba. Kichwani mwa mtoto palikuwa pameumuka uvimbe laini kiasi kwamba niliitafuta mishono ya fuvu nisiipate. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kijani, mtoto alikuwa ameshajisaidia tumboni. Nikasikiliza mapigo. Sasa yalikuwa yanashuka kila uchungu unapokuja, na yanachelewa kurudi.

Tabibu alipiga simu mwenyewe. Gari lilikuwa limempeleka mgonjwa mwingine. Lilifika saa kumi na mbili jioni, na kwenye mto wa kwanza tulisubiri maji yapungue. Nilikaa nyuma na yule binti na mama mkwe wake. Nilikuwa nimemlaza ubavu, nimemwekea dripu, na kila baada ya muda niliinama na kile kipembe cha kusikilizia, nikakandamiza sikio. Injini ilikuwa inanguruma, kwa hiyo nilimwomba dereva azime. Akazima. Nikasikia mapigo. Mara ya pili nikasikia. Mara ya tatu nilikaa nimeinama muda mrefu, hadi mama mkwe akauliza kama bado. Nikasema injini, ingawa ilikuwa imezimwa.

Hospitalini walimpasua walipompokea tu. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, mzima wa viungo vyote, ameshakufa. Kizazi kilikuwa kimechanika na damu haikukubali kusimama, wakakitoa. Daktari aliyefanya kazi ile alikuja kuniambia koridoni, akiwa bado na kofia ya upasuaji. Hakunikaripia. Aliniuliza tu mama alivuka mstari saa ngapi. Nilimwambia saa sita. Akatazama saa ya ukutani, akaenda kunawa.

Kikao cha kujadili kifo cha mtoto kilifanyika baada ya wiki mbili. Watu walikuja kutoka wilayani, wakakaa kwenye viti vya plastiki, wakasoma patografu. Walituonea huruma, niliiona hiyo huruma na ikaniumiza kuliko matusi. Walizungumzia mvua, daraja, gari moja kwa kata nyingi, wakunga wawili wa karatasini. Yote ni kweli. Kwenye fomu, mahali pa sababu, wakaandika kuchelewa kwa usafiri. Nilinyoosha mkono nikasema hata gari lingekuwepo, hatukuliita mpaka saa kumi. Mwenyekiti akasema, "Sista, tumekuelewa," na akafungua ukurasa unaofuata.

Daftari hakuna aliyelijua. Siku iliyofuata nilimkuta tabibu amelifungua mezani, kalamu mkononi. Alikuwa anajiuliza yule binti aandikwe upande gani, kwa kuwa alichomwa zote mbili. Alisema huenda afutwe tu, kwa sababu anaharibu ulinganisho. Hakusema kwa ukatili. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa hajalala siku kadhaa, na nadhani alikuwa anashikilia kitu pekee kilichokuwa na mistari iliyonyooka. Nilimwambia asimfute. Akamwandika katikati, juu ya mstari wenyewe, kwa herufi ndogo. Baada ya hapo hatukuandika tena. Miezi michache baadaye akahamishiwa mkoa mwingine, tukaagana kwa kushikana mikono. Najua aliendelea kuchoma. Na mimi pia naendelea. Mama anayefaa kuchomwa namchoma, inasaidia au haisaidii, sijui. Nilichokuwa nakijua kabla ya daftari na ninachokijua sasa ni kitu kilekile, isipokuwa sasa najua gharama ya kukijua.

Nilisikia kuwa yule binti amerudishwa kwao. Hakufukuzwa, mama mkwe alimpeleka mwenyewe, akalia sana, lakini mwanawe alikuwa mtoto wa pekee wa kiume na ukoo ulitaka watoto. Mwezi wa saba nilichukua ruhusa ya siku mbili, nikapanda hadi Ukata.

Ilikuwa baridi, ukungu umekaa kwenye vilima, mashimo ya ngolo, yale ya kilimo cha Wamatengo, yamejaa mabua yaliyolazwa. Nyumba yao nilionyeshwa na watu waliokuwa wanatoka kanisani. Mama yake alikuwa kwenye kichanja cha kahawa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa kigoda kabla sijasema mimi ni nani. Nilipomwambia, mikono yake ilisimama juu ya kahawa, halafu ikaendelea.

Binti alikuwa anachambua pamoja naye, anatupa pembeni punje zilizotobolewa na wadudu. Alikuwa amekonda. Aliniamkia. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na nilipofungua mdomo yakatoka mengine. Nilimwambia nilipaswa kumpeleka hospitali saa sita mchana. Nilimwambia kwamba nilibaki naye nikijaribu sindano, na kwamba yeye alikuwa ananiambia kiuno na mimi sikutafuta mtu wa kunifasiria. Nilimwambia habari za daftari.

Alisikiliza bila kuniangalia. Alichambua kiganja kizima cha kahawa, kisha akauliza.

"Na ipi ilikuwa nzuri?"

Sikuelewa.

"Zile sindano. Mlikuwa mnatafuta ipi nzuri."

Nilimwambia kwake yeye hakukuwa na nzuri. Kwamba hazikuwa sindano za tatizo lake kabisa.

Akasema, "Sawa, dada," akasogeza ungo karibu na mguu wake. Akachota kahawa nyingine, akaendelea kuchambua.

Walinipikia. Nilikula kwa sababu kukataa kungekuwa aibu nyingine juu ya ile. Mama yake alinisindikiza hadi barabarani, na tulipokuwa tunasubiri gari aliniuliza kama kuna hospitali, hata ya mbali, hata nje ya nchi, wanakoweza kurudisha kizazi. Nilimwambia hakuna. Akasema hivyo ndivyo alivyoambiwa na wengine, ila alitaka kusikia kwangu kwa kuwa mimi nilikuwepo.

Gari lilipoonekana linapanda, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama wanavyofanya watu wa kule wanapoagana na mtu wa heshima.

"Nashukuru umekuja, mwanangu," alisema. "Lakini usirudi tena. Kila anapokuja mtu wa hospitali, huyu hukaa siku tatu hali chakula."

Nikapanda. Asubuhi yake nilikuwa zamu.